Barazani: Kando ya Mto Godavari



Mwezi uliopita nalipokea barua ya mzazi mmoja wa Kisauni, naye ameniruhusu kuieleza hapa maadamu simtaji jina. Mwanawe wa kwanza ameajiriwa katika duka la nguo la Mhindu. Kazi ni njema, mshahara hutoka kwa wakati wake, na tajiri yule si mtu wa matusi. Sasa sikukuu ya taa, yaani Diwali, yakaribia, na tajiri amewaalika wafanyakazi wake wote wafuatane naye hekaluni jioni, kisha wale chakula nyumbani kwake. Kijana ataka kwenda. Baba amemkataza, tena ametamka neno zito, kwamba akienda asirudi kulala nyumbani. Mama yuko kati, halali usiku. Baba auliza: je, hiyo si ibada ya sanamu? Na kijana akiachiliwa leo kwenda kutazama, kesho si atapiga magoti?

Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Lakini mimi nimepata kusimama katika sikukuu ya Wahindu, si ya watu mia au mia mbili, bali ya mamia ya maelfu, kando ya mto mkubwa huko Bara Hindi. Kwa hiyo nitasimulia kwanza niliyoyaona, kisha nitamrudia mzee wangu wa Kisauni.

Mji wenyewe ni Nashik. Huenda msomaji akauliza, Mwalimu wa Pwani alitafuta nini huko? Nalitafuta nyayo za wazee wetu. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na wengi katika watoto waliotolewa humo walipelekwa Bombay, kwa kuwa hawakujua tena kwao ni wapi. Baadhi yao wakapokewa na misioni ya CMS katika kijiji cha Sharanpur, karibu na Nashik. Na maana ya jina Sharanpur ni mji wa kimbilio. Wakafundishwa kusoma, na useremala, na uhunzi, na neno la Mungu. Vijana tisa wa Nashik waliandamana na Livingstone katika safari yake ya mwisho, iliyoanza mwaka 1866. Jacob Wainwright, naye wa shule ile ile, alikuwa katika wale walioichukua maiti ya Livingstone hata Bagamoyo, akaifuata mpaka Uingereza ikazikwa mwaka 1874. Tena Padre William Salter Price, aliyewalea watoto wa Sharanpur, ndiye aliyekuja Mombasa na kundi la Waafrika kutoka Bara Hindi, wakaanzisha Freretown mwaka 1875. Apitaye leo Kengeleni hupita juu ya kazi ya mikono yao.

Basi watu hawa waliotutangulia katika imani walikua katika mji ambao kwa Wahindu ni mtakatifu sana. Hawakulelewa mahali pasipo na hekalu. Kutoka Sharanpur hata mtoni ni mwendo wa miguu tu.

Mto huo ni Godavari. Huanza katika mlima wa Brahmagiri, penye Trimbak, karibu kilomita 30 kutoka Nashik, ukakata Bara Hindi kuelekea mashariki mwendo wa kilomita 1,465 hata baharini. Wahindu huuita Ganga ya kusini. Husimulia ya kwamba miungu na mashetani walinyang'anyana chungu cha maji ya uzima, na matone yakaanguka mahali pane: Prayag, Haridwar, Ujjain na Nashik. Ndiyo sababu mahali hapo pane huwa na sikukuu ya kuoga, iitwayo Kumbh, maana yake chungu. Huko Nashik huja kila baada ya miaka 12 hivi, nyota ya Mushtarii inapoingia katika buruji ya Simba. Kwa hiyo huitwa Simhastha, na simha kwa lugha yao ni simba. Sikio la Mswahili hushtuka kidogo kwa furaha lisikiapo neno hilo.

Nalifika mwaka 2015, na siku kuu ya kuoga ilikuwa Jumapili tarehe 13 Septemba. Jumapili kwangu ina mahali pake, kila msomaji ajua. Kwa hiyo nalikwenda mtoni Jumamosi jioni, mkesha wa siku yenyewe, pamoja na mwenyeji wangu, mzee wa kanisa la mji ule, mtu wa miaka sabini na zaidi aliyenifasiria kila neno.

Njia zote za magari zilikuwa zimefungwa, tukaenda kwa miguu. Tuliwakuta watu wa shamba waliotembea tangu alfajiri, wake kwa waume, mizigo kichwani kama kwetu: sufuria, mkeka, unga ndani ya kitambaa. Wazee walishikana nguo kwa nyuma, mmoja ameshika upindo wa mwenzake, ili wasipoteane. Vipaza sauti juu ya miti havikunyamaza. Nalimwuliza mzee, wasema nini? Akanijibu, wataja majina ya waliopotea. Mama fulani wa kijiji fulani, mumeo akungoja penye kituo cha polisi. Mtoto wa miaka minne, shati jekundu, ajua jina lake tu. Basi katika kelele zote za usiku ule, kengele na ngoma na nyimbo, sauti iliyozidi kunigusa ni ile ya mtu aliyesoma majina ya waliopotea.

Mahali pa kuogea huitwa Ramkund. Ni birika lililojengwa kwa mawe ndani ya mto wenyewe, lenye ngazi pande zote, na mahekalu yamelizunguka. Wahindu huamini ya kuwa Rama, wakati wa uhamisho wake, aliyafanyia hapo matanga ya baba yake. Kwa hiyo wengi huleta majivu ya wafu wao. Hata majivu ya Gandhi yaliletwa hapo mwaka 1948, kama vile sehemu yake ilivyopelekwa Jinja, penye chimbuko la Naili. Kando ya maji walikaa vinyozi, wakinyoa vichwa vya watu waliofiwa. Naliona kijana mmoja ananyolewa, machozi yakimtoka bila sauti, na kinyozi akimshika kidevu kwa upole kama amshikavyo mtoto. Sikuhitaji tafsiri.

Jua lilipokwisha kuzama, makuhani walisimama juu ya ngazi kwa safu, kila mmoja ameshika taa ya shaba yenye tambi nyingi, orofa juu ya orofa. Mmoja akapuliza gamba kubwa la baharini lililia kama baragumu. Kisha kengele, kisha wimbo, na zile taa zikazungushwa polepole mbele ya mto, moto ukaandika duara gizani. Hiyo huitwa arati. Watu wote waliinua mikono. Nami nalisimama, mikono yangu imetulia mbele yangu, nikamwomba Mungu wetu kwa ajili ya wale waliopotea na kwa ajili ya yule kijana aliyefiwa. Sikuona neno la kunizuia kuomba hapo. Mungu hakosi kusikia kwa sababu kengele zalia.

Ndipo mwanamke mmoja, mkulima kwa mikono yake nilivyoiona, akanipa kibakuli cha majani chenye maua na kitaa kidogo, nikiweke juu ya maji. Alikuwa amenunua viwili, akaona mgeni hana. Naliweka mkono kifuani, nikamwambia kwa kinywa cha mzee wangu: Mama, asante, mimi ni Mkristo, sifanyi hivyo, bali nimefurahi kwa ukarimu wako. Mzee akafasiri. Nalidhani atakasirika. Akacheka, akasema, basi nishikie mtoto. Akanipa mtoto wake wa kama mwaka mmoja, akashuka ngazini, akaviweka vyote viwili majini, akasimama akivitazama mpaka vimepita chini ya daraja. Mtoto alinivuta ndevu muda wote huo. Aliporudi alimchukua mwanawe, akainama kidogo, akaenda zake. Nimesimulia jambo hili kwa urefu, maana nitalihitaji mbele.

Wala sitaki msomaji afikiri kwamba naliona mazuri tu. Mwaka ule mvua ilikuwa haba katika nchi ya Maharashtra, wakulima walikuwa taabuni, na maji ya kuogea yalifunguliwa kutoka bwawa la Gangapur. Shauri likafika hata Mahakama Kuu ya Bombay, watu wakiuliza kama ni haki maji ya kunywa yamwagwe kwa ajili ya sikukuu. Na wakosoaji wengi walikuwa Wahindu wenyewe.

Tena kuna habari ya vifo. Tarehe 27 Agosti 2003, katika Simhastha iliyotangulia, watu 39 walikufa kwa kukanyagana katika njia nyembamba iteremkayo kwenda Ramkund. Ilisemwa wakati ule kwamba sadhu mmoja alirusha sarafu za fedha, na watu wakainama kuziokota mahali ambapo mtu akiinama hainuki. Mwaka 2015 serikali ilitengeneza njia za kwenda mbali na njia za kurudi, ikaweka vizuizi na askari kila pembe, na msiba wa namna ile haukutokea. Lakini Prayag, tarehe 29 Januari 2025, watu 30 walikufa kwa hesabu ya serikali, usiku wa kungoja kuoga. Hatupaswi kuwahukumu. Wala wafu wa kukanyagana hawapatikani kwa Wahindu tu. Dini zote zimewazika, na yetu pia.

Hata utaratibu wa kuoga una historia yake ya ugomvi. Katika karne ya 18 masadhu wa Shiva na masadhu wa Vishnu walipigana vikali kwa sababu ya nani atangulie majini, hata mtawala, yule Peshwa, akawatenga: wa Shiva waoge Trimbak, wa Vishnu waoge Nashik. Wamekaa hivyo mpaka leo. Nilipoelezwa hayo naliwakumbuka wanafunzi wa Bwana wetu njiani, wakishindana ni nani aliye mkubwa.

Sasa nifike penye jambo lililonikaa moyoni kuliko yote. Kando ya Ramkund liko hekalu dogo la mto wenyewe, la Ganga na Godavari. Mlango wake hufunguliwa Simhastha inapoanza, hukaa wazi kwa muda wa miezi kumi na mitatu ya sikukuu, kisha hufungwa mpaka Simhastha nyingine. Mtu aweza kuzaliwa, akakua, akaoa, asiuone wazi ila mara moja au mbili. Siku ile ulikuwa wazi, na watu walisongamana mbele yake kiasi kwamba sikugusa hata kizingiti, wala sikujaribu. Wazee walibebwa mgongoni na wana wao, waone kwa mara ya mwisho.

Mwenyeji wangu akanishika mkono, akasema, Mwalimu, hapa watu hungoja miaka kumi na miwili. Njoo nikuonyeshe mahali walipongoja zaidi. Akaniongoza vichochoro vichache hata hekalu la Kalaram, yaani Rama mweusi, liitwalo hivyo kwa sababu ya sanamu yake ya jiwe jeusi. Ni jengo zuri la karne ya 18, lenye ukuta na malango. Akaniambia, tarehe 2 Machi 1930 Daktari Ambedkar aliongoza maelfu ya watu mpaka malango haya. Walikuwa watu wa jamii zile zilizoitwa zisizoguswa, waliozaliwa Wahindu, wakataka tu kuingia kuabudu pamoja na Wahindu wenzao. Malango yakafungwa. Wakaketi nje, wanaume na wanawake, bila silaha. Siku ya sikukuu ya Rama, mwezi wa Aprili, wakapigwa kwa mawe. Wakaendelea miaka kadhaa, na mlango haukufunguliwa. Mwaka 1935, huko Yeola, katika wilaya iyo hiyo ya Nashik, Ambedkar akatangaza ya kwamba amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Na tarehe 14 Oktoba 1956 akaingia katika dini ya Buddha mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Siku hizi sheria hairuhusu mtu kuzuiliwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Sheria ya kufungua mahekalu katika jimbo la Bombay ilitolewa mwaka 1947, na katiba ya Bara Hindi ya mwaka 1950 ikaukomesha utengano ule kwa maneno ya wazi.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, babu yangu alikuwa katika watu hao wasioguswa. Ndiyo sababu mimi ni Mkristo. Lakini usiandike kwamba kanisani hapakuwa na benchi la nyuma.

Naye nimemwomba ruhusa, akanipa, ndiyo maana nimeliandika. Katika makanisa ya nchi ile walioacha jamii za juu mara nyingine walikataa kula na walioacha jamii za chini, ijapokuwa ubatizo ni mmoja. Na kwetu je? Wako wasomaji wa gazeti hili wajuao ni mlango gani huingia yule binti aliyezaa kabla ya ndoa, na mke wa tatu wa mzee aliyeamini uzeeni huketi wapi. Mimi mwalimu nayajua, maana ndimi nipangaye viti.

Asubuhi ya pili nalikwenda kanisani. Njiani tulipishana na wale waliotoka kuoga, nywele zao zimelowa, nguo zinatiririka, wengi wakitetemeka kwa baridi na huku wanacheka. Kanisani tuliimba kwa Kimarathi. Wimbo mmoja, mwenyeji wangu alininong'oneza, ni wa Narayan Vaman Tilak. Huyu alikuwa Brahmin, mshairi, akabatizwa mwaka 1895. Alisema mwenyewe kwamba mashairi ya Tukaram, mtakatifu wa Kihindu wa karne ya 17, yalikuwa kama daraja lililomvusha mpaka miguuni pa Kristo. Hakuwahi kuwadharau watu wa kwao; aliwatungia Wakristo nyimbo kwa mtindo ule ule wa watu hao.

Na mkewe, Lakshmibai, mzaliwa wa Jalalpur karibu na Nashik, hakumfuata katika ubatizo. Alikaa mbali naye karibu miaka mitano, akiona uchungu mkubwa, maana kwake hata kunywa maji ya mtu wa jamii nyingine kulikuwa unajisi. Baadaye wakakaa pamoja tena, yeye Mhindu, mumewe Mkristo, na taratibu, kwa kuona na kufikiri kwake mwenyewe, miiko ile ikamwacha. Akabatizwa mwaka 1900. Uzeeni akaandika habari za maisha yake, kitabu kinachopendwa na Wahindu na Wakristo wa lugha ile sawasawa, kwa kuwa hamchongei mtu yeyote, tena huchekesha sana. Nyumba ile ingaliweza kuvunjika kabisa kwa neno moja la hasira. Haikuvunjika.

Basi sasa nakurudia wewe, mzee wangu wa Kisauni. Umeuliza kama ni ibada ya sanamu. Kwao ni ibada, ndiyo, na kwetu si njia yetu, sitakuficha. Sisi tumefundishwa ya kwamba mto hauondoi dhambi. Hata watakatifu wao wenyewe, Tukaram akiwa mmoja, waliwaambia watu kwamba kuoga mwili na kuacha moyo mchafu hakuna faida. Lakini kusimama si kuabudu. Mtume Paulo alizunguka Athene akazitazama madhabahu zao kwa makini, hata ile isiyokuwa na jina, na kwa sababu alizitazama alipata la kuwaambia.

Juu ya chakula, waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10, umelieleza vema kuliko niwezavyo mimi; umsomee kijana jioni, polepole, wote wawili mkiwa mmeketi. Kilichowekwa mezani kwa tajiri wake na ale kwa shukrani. Akiambiwa, hiki kimetolewa mbele ya sanamu, na aweke mkono kifuani, aseme, samahani, Bwana, mimi ni Mkristo. Tena aseme mapema, kabla ya siku yenyewe, dukani, wakiwa wawili tu, ili tajiri asiaibike mbele ya wageni wake. Mtu aliyekaa na Waafrika miaka mingi ajua heshima ni nini. Huenda atampa mtoto wa kushika.

Na lile neno la kulala nje, mzee wangu, liondoe. Liondoe leo, kabla ya Diwali, mama akiwapo asikie. Kijana akienda kwa ruhusa yako ataingia mle kama mwana wa nyumba yako; akienda kwa kukimbia, nani ajuaye ataingia kama mwana wa nani? Ukiweza, omba nawe ualikwe. Vaa kanzu yako nzuri.

Wasomaji wengine wameniuliza kama safari ya Nashik ingaliko. Iko. Simhastha inayofuata imepangwa kuanza mwishoni mwa mwaka 2026, na siku kuu za kuoga ni mwaka 2027. Atakayekwenda asiende bila mwenyeji, na ajifunze kutamka jina lake na la kijiji chake kwa sauti kubwa. Mwezi ujao nitajibu swali la mama wa Rabai juu ya mahari ya binti yake, na lile la kijana wa Ribe aliyeambiwa na shangazi yake kwamba kwaya si kazi.

Mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa Baraza